Habasoda Iliyotoka Mguuni

Tangu nilipoondoka Pemba mara ya kwanza, begi langu limefungwa kwa kipande cha kamba ya usumba. Zipu za mabegi ninayoweza kununua hazidumu, kwa hiyo kamba ndiyo hushika mdomo. Nimekaa Tanga, Mombasa na Mtwara, na Dar es Salaam nimehama mitaa mpaka mingine nikiipita leo siitambui. Kila nilipopanga chumba kipya, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinusa ile kamba. Ilikuwa na harufu ya chumvi na tope, na kwa mbali kitu kama moshi wa kifuu. Nikishainusa, usingizi ulikuja.

Kamba hizo alizisokota mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Kila nilipokwenda nyumbani alinipa mpya, na ile ya zamani akaitia jikoni kuwashia moto. "Kamba ya msafiri ikichakaa itamdondosha njiani," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikicheka.

Kijiji chetu kiko pwani ya kusini magharibi, ukiiacha barabara ya Wambaa na kushuka bondeni. Mto wetu ni mdogo. Unatoka juu kwenye mashamba ya mikarafuu, unapita kati ya nyumba, kisha unajimwaga baharini penye mikoko. Hapo mdomoni pana uwanja wa tope jeusi ambao maji ya bahari huufunika yakijaa na kuuacha wazi yakitoka. Uwanja huo ni wa wanawake. Nazi zikishafuliwa, makumbi yake hubebwa kwa mapakacha mpaka pale, hutiwa kwenye mashimo yaliyozungushiwa mawe, hufunikwa makuti na tope, kisha hukandamizwa kwa mawe mengine ili maji yasiyachukue. Huachwa humo yaoze. Yakishaiva hufukuliwa, hupigwa kwa mti juu ya gogo mpaka ubaki uzi mtupu, ndio usumba wenyewe, huoshwa, huanikwa, na mwisho mtu hukaa barazani akausokota uzi juu ya paja lake mpaka uwe kamba.

Kila shimo lina mwenyewe. Mama humrithisha binti, na hakuna anayegusa jiwe la mwenzake. Mawe ya shimo la mama mkubwa yaliwekwa na bibi yake, na yalikuwa yamevaa chaza mpaka huwezi kuyashika bila kujikata.

Tope la shimo lilikuwa pia duka letu la dawa. Mtoto mwenye upele alipelekwa pwani. Mwenye kidonda aliambiwa akitie shimoni, kimuume kwanza, kisha kikauke. Mimi nilipoota choa kichwani, mama mkubwa alinishika shingo kama kuku, akanipaka tope lile utosini na kunikalisha juani mpaka likapasuka. "Maji ya chumvi dawa," alisema. Wanawake wenzake wakaitikia, "Dawa," kama wanaoitikia dua. Choa kilipona, na mimi nilikua nikiamini, kama kila mtu kijijini, kwamba bahari haichafuki na kwamba uchafu wowote ukifika kwake huwa si uchafu tena.

Skuli ya sekondari nilifundishwa mengine. Mwalimu wetu wa baiolojia alifungia kipande cha mkate wa mofa kabatini, akakisahau kwa makusudi. Alipolifungua kabati, mkate ulikuwa umeota manyoya meupe na ya kijani. "Hawa ni kuvu," alisema. "Kazi yao ni kula kilichokufa. Bila wao dunia ingejaa maiti." Niliikumbuka siku hiyo kwa sababu ya harufu iliyotoka kabatini. Sikudhani kama nitakutana nayo tena.

Safari hii nilirudi wakati wa vuli, baada ya miaka ambayo sitaki kuihesabu. Nilitoka Tanga nikashukia Wete. Kuanzia Ole na kuendelea karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, na harufu yake iliingia garini ikanifanya nione kwamba hakuna kilichobadilika. Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilishuka pwani kwanza, kama ninavyofanya siku zote, nikijua kwamba saa ile maji yametoka na mama mkubwa atakuwa shimoni.

Hakuwapo. Alikuwapo jirani yetu, mjane mwenye ulimi usiopumzika, ambaye shimo lake limepakana na letu. Alikuwa amezama tope mpaka magotini, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo dada," nilimwambia.

"Marahaba, msafiri. Umekuja kukaa au umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukaa."

"Haya. Basi usifungue begi, tukuamini kidogo."

Wenzake walicheka. Nikamuuliza habari za makumbi, maana pwani ndiyo salamu yenyewe.

"Makumbi? Makumbi siku hizi neema. Zamani ukifukia, mimba inaingia, mtoto anazaliwa, anatambaa, ndiyo unafukua. Sasa mtoto hajazaliwa makumbi yashaiva. Tazama haya." Akainua kumbi moja, akalichana kwa vidole viwili kama anayechana mkate. "Hata kupiga hatupigi sana. Mungu katuonea huruma, tumezeeka."

Juu ya kumbi palikuwa na utando mweupe, mwembamba, kama pamba iliyovutwa. Aliufuta kwa kiganja, akajipangusa kwenye kanga.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Hamira yetu hiyo," alisema, na wenzake wakacheka tena. "Bila hamira mkate haumuki."

Nilicheka nao. Lakini upepo uligeuka ukatoka upande wa mto, na nikaisikia ile harufu ya kabati la mwalimu. Haikuwa harufu ya kuoza, maana ile ya kuoza naijua, ndiyo iliyonilea. Hii ilikuwa ya kitu kilichofungiwa mahali bila hewa.

Nilipanda kwa njia ya mtoni. Mto ule tulikuwa tukinywa maji yake kwa viganja. Sasa ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, na povu limeshikamana na mizizi. Juu, palipokuwa na migomba, nyumba mpya zilipanga mstari, na nyuma ya kila nyumba bomba lilichungulia mtoni. Palikuwa na mabanda ya kuku wa kisasa, na chini ya mabanda manyoya na matumbo. Pampasi zilizovimba zilinasa kwenye mikoko, nyeupe, kila moja na tawi lake. Baadaye nilisikia kwamba sheha aliwahi kuita mkutano kuhusu mto. Watu wa chini waliwanyooshea vidole watu wa juu. Watu wa juu wakasema maji hujaa na kutoka kila siku, bahari inachukua yote, ugomvi wa nini. Na watu wa chini, kwa kuwa nao waliamini hivyo hivyo, wakainuka wakaenda zao.

Mama mkubwa alikuwa barazani, amekaa juu ya mkeka, na mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya beseni la tope.

Aliniona, akanyoosha mikono, nikainama anikumbatie. Kisha nikauliza mguu una nini.

"Umevimba tu. Hauna neno."

Aliutoa ili nione. Wayo ulikuwa umefura mpaka mguu mzima umekuwa kama kiazi kikuu, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, na juu yake palikuwa na vitobo vidogo vingi, kila kimoja na mdomo wake. Kwenye vitobo palitoka maji.

"Tangu lini?"

"Zamani. Kilianza kijiuvimbe kama punje ya kunde. Nikakipaka tope, kikatulia. Kikarudi. Nikapaka tena. Nilipoona kutembea kumekuwa kuzito, watoto wa jirani wakawa wananiletea tope la shimoni kwa ndoo."

"Unauma?"

"Ungeuma ningekwenda hospitali mapema, mimi si mjinga. Hauumi hata kidogo. Tena tazama, unapona." Akaingiza mkono chini ya mto wa kuegemea, akatoa kisahani cha kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa. "Fungua."

Ndani mlikuwa na punje ndogo nyeusi, nyingi, zimekauka.

"Habasoda," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonesha dhahabu. "Nimeila kwa asali kila asubuhi tangu uvimbe uanze, na mafuta yake nimejipaka. Imeingia mwilini mpaka imejaa. Sasa inatoka mguuni, inatoka na uchafu wote. Dawa ikitoka ujue imemaliza kazi."

Sote tumefundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba habasoda ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti. Mama mkubwa alikuwa na chupa yake juu ya kabati. Wanawake wa pwani walikuwa wamekuja mmoja mmoja kukitazama kile kisahani, na kila mmoja alisema mashaallah. Nilimwomba anipe punje moja. Alinipa kwa kusitasita, kama aliyeombwa jino lake.

Nilikwenda ndani nikachukua punje nyingine kutoka kwenye chupa, nikaziweka mbili hizo juu ya kiganja. Kwa macho, ni ndugu. Nikaiuma ile ya chupani, ikapasuka, harufu yake kali ikajaa puani. Ile ya mguuni niliibana kwa kucha. Haikupasuka. Ilibonyea na kusagika, kama masizi yaliyolowa, ikaacha doa jeusi ambalo halikutoka kwa kipande kimoja cha sabuni. Na haikuwa na harufu ya habasoda.

Nilirudi barazani. "Mama, twende hospitali."

"Nitakwenda nikishafukua."

"Makumbi na yaoze."

"Yaozeje tena? Si ndiyo yanaoza." Alinitazama kwa jicho la upande. "Yangu yamebaki kidogo tu yaive. Nikienda leo, nani atafukua? Yakipita siku zake uzi unakatika."

"Nitafukua mimi."

"Wewe." Alicheka mpaka akashika kifua. "Mwanamme na makumbi. Watakuimbia."

"Waimbe. Nikishayatoa, unakwenda?"

Aliutazama mguu wake, kisha akautia tena kwenye beseni, taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Ukiyatoa yote, nakwenda. Lakini yote."

Maji yalipotoka kesho yake nilikuwa uwanjani na mabuti ya mpira niliyoazima kwa mtu anayefuga kuku. Sikuwa nimeingia kwenye tope lile tangu nilipobaleghe.

"Leo tumepata mke mwenza," mmoja wa wanawake alisema.

"Mke mwenza gani amevaa mabuti?" jirani alidakia. "Msafiri, tope lililokukuza ndilo unaliogopa? Vua hayo. Msikitini si unavua?"

"Nina baridi ya miguu, dada."

"Baridi. Mombasa hakuna tope, ndiyo maana wanaume wa huko wanaugua baridi."

Wenzake walipiga makofi. Nilikaribia kuyavua. Ni aibu kusema lakini ni kweli: nilipokuwa nimesimama pale, na jua, na kelele zile zile za utoto wangu, mwili wangu wote ulitaka kuingia pekupeku. Nilishainama kushika buti moja. Kisha niliondoa jiwe la kwanza na makuti ya juu, na chini yake makumbi yote yalikuwa meupe. Utando ulikuwa umeyafunga pamoja, kumbi na kumbi, ukiwa na nyuzi nyembamba zilizovutika nilipoinua na kukatika bila sauti. Nikayaacha mabuti miguuni.

Nilifukua mpaka maji yaliporudi, na kesho yake nikamalizia. Makumbi mengine yalimumunyika mkononi. Nilipompelekea mama mkubwa lile la kwanza lililopigwa, aliuvuta uzi kwa vidole, ukakatika. Akavuta mwingine, nao ukakatika.

"Nimechelewa," alisema.

"Hukuchelewa. Ni mapema. Hayajafika hata nusu ya muda wa zamani."

Alikaa akivuta uzi mmoja mmoja na kuukata, uso wake umefunga.

Hospitalini alikwenda na kile kisahani. Alikifunga ndani ya leso mbili na kukiweka mapajani njia nzima, na daktari alipomwambia auoneshe mguu, alianza kwa kufungua leso. Daktari alikuwa msichana wa Kipemba, kwa sauti tu nilijua kwao ni upande wa Micheweni.

"Hii habasoda, mwanangu," mama mkubwa alimwambia. "Ilikuwa tele mwilini, sasa inatoka. Nimekuja ili mtoto huyu alale. Mimi sina neno."

Daktari alichukua kisahani, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha alikiweka mezani, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Bibi," alisema, "hizi hukuzila. Hizi zimeota."

Mama mkubwa alinitazama mimi, kama aliyezungumzishwa lugha ya kigeni.

"Ni fangasi," daktari aliendelea. "Kila punje ni kichuguu chao. Wamejenga ndani ya mguu."

"Fangasi?" Mama mkubwa alipumua. "Wale wa vidoleni? Watoto wa skuli wanapaka poda wanapona."

"Wale wanakaa juu ya ngozi. Hawa wameingia. Wanakaa kwenye udongo na matope, mtu anachomwa na mwiba au kibanzi, wanaingia nacho. Hawaumi. Ndiyo ubaya wao. Uliwahi kuchomwa?"

Alifikiri. Nje palikuwa na mtu anayeita majina ya wagonjwa. "Kibanzi," alisema mwishowe. "Kibanzi cha mkoko, shimoni. Nilikitoa kwa ncha ya pini. Mwaka huo mwanangu huyu alikuwa Mtwara."

"Ukakifanyaje kidonda?"

"Nilitia tope."

Daktari aliandika cheti cha picha ya mifupa, akatuelekeza chumba. Picha ilipotoka aliishika juu, na hata mimi niliona. Mifupa ya wayo ilikuwa na matundu, kama boriti iliyoliwa na mchwa ambayo bado imeshika dari.

Nilimfuata daktari ukumbini. Nilitaka anipe mtu wa kumlaumu. Nilimweleza mto, mabomba, mabanda ya kuku, utando mweupe, makumbi yanayoiva kabla ya wakati.

"Sitakuambia uongo," alisema. "Waliwahi kuja watu kuchota mchanga na tope kwenye midomo ya mito. Wakatuambia penye maji machafu kuvu huwa wengi kuliko penye maji safi, na wengine hawakuwapo kabla. Lakini wapo kila pahala, hata mchangani unapotandika mkeka. Mguu wa mama yako umeliwa na wa zamani au na hawa wapya, hilo mimi sijui, na sidhani kama yupo anayejua. Ninachojua ni kwamba kidonda hakitiwi kwenye tope lile. Waambieni."

Tulipelekwa Unguja. Madaktari wa huko walisema dawa zipo, ni za kumeza muda mrefu, lakini mfupa ulikuwa umeshaondoka. Wangekata chini ya goti. Mama mkubwa aliwasikiliza akiwa amejitanda kanga mpaka puani.

"Nikikataa?"

"Watapanda, bibi."

"Mpaka wapi?"

Daktari mzee aliyekuwa hapo aliweka mkono kwenye paja lake mwenyewe, juu, karibu na nyonga.

Aliomba aachwe mpaka alfajiri. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, ameshasali, mguu ameuweka mbele yake juu ya mto na anautazama. Hakuwa analia. "Nilidhani naulisha dawa," alisema. "Kila siku, kwa mkono wangu. Kumbe naulisha wao." Kisha akasema, "Basi ukateni. Lakini nipewe. Si wa kutupwa kwenye ndoo."

Tulipewa. Jamaa zetu wa Unguja walitafuta sanda kipande, ukafungwa, tukauzika mimi na mume wa binamu yangu kwenye kona ya makaburi. Kabla hawajampeleka chumba cha kukatia alikuwa amenishika mkono. "Uuzike pakavu," aliniambia. "Mbali na maji." Nilitafuta mahali pa juu, penye mawe, nikachimba mpaka jembe likawa linalia, nikahakikisha kwamba udongo ni mkavu. Hata hivyo nilipoushika ulikuwa na ubaridi fulani, na niliponawa baada ya hapo nilinawa zaidi ya ilivyohitajika.

Alipozinduka sawasawa aliuliza nimeuzika wapi. Nikamwambia. Alikuwa hajawahi kulala Unguja maisha yake yote.

"Nao umekuwa msafiri," alisema. "Umekuzidi wewe. Huo haurudi."

Tulirudi Pemba akiwa na magongo. Watu walikuja, walisoma dua, walileta samaki na mayai. Walipoondoka aliniita.

"Nenda pwani kayatoe mawe."

"Mawe gani?"

"Ya shimo langu. Yote. Yatawanye, pasijulikane kama palikuwa na shimo."

Mawe yaliyowekwa na bibi yake. Nilikwenda. Chaza zilinikata hata ndani ya glavu za kazi nilizonunua Unguja. Niliyatupa moja moja mbali, mengine nikayavuta mpaka kwenye mikoko. Wanawake waliacha kazi wakanitazama, na siku hiyo hakuna aliyenitania. Nilipomaliza maji yalikuwa yameanza kuja, yakaingia kwenye tope lililochimbuka, yakalisawazisha.

Maji yalipotoka tena nilikwenda kutazama, sijui kwa nini. Mawe yalikuwa yamerudi. Yalipangwa duara, si kama alivyoyapanga bibi yake mama mkubwa, lakini duara. Jirani alikuwa katikati yake, pekupeku, akitia makumbi mabichi.

"Dada," nilisema. "Mawe haya nimeyatoa mimi kwa amri ya mama mkubwa. Shimo hili amelifunga."

"Nimemsikia. Lakini shimo halifi kwa mguu wa mtu, msafiri. Na hili ndilo linaloiva upesi kuliko yote, liko karibu na mto. Tuliache livae chaza?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama daktari alivyoeleza, kibanzi, punje, picha ya mifupa. Alisikiliza vizuri, na machozi yalimlengalenga. Kisha niliona kwamba kiganja chake cha kushoto kilikuwa na mkato mbichi, pengine wa chaza za mawe yale yale niliyoyatupa mimi. Alipoona nautazama aliinama, akauzamisha mkono kwenye maji ya shimo, akausukasuka.

"Maji ya chumvi dawa," alisema. "Mie skuli sikwenda. Nilifundishwa na mama yako mkubwa, papa hapa."

Nilimpelekea mama mkubwa maneno hayo kama yalivyo. Alitaka kiti. Mimi na mtoto wa jirani mwingine tukambeba juu ya kiti mpaka ukingoni, pale majani yanapoishia na tope linapoanza, maana magongo hayashiki topeni. Akamwita yule mjane kwa jina la utotoni. Wanawake wote wakaja. Mama mkubwa alipandisha kanga mpaka gotini, akafungua bendeji, akawaonesha. Alisema, "Nililowafundisha lilikuwa kweli. Sasa si kweli tena. Maji haya si yale."

Walilia. Walimbusu mkono, mmoja mmoja. Jirani alikaa chini kwenye majani, akaegemeza kichwa kwenye kiti chake, na wakakaa hivyo kwa muda, wakizungumza habari za watu waliokufa. Kisha mjane aligeuka kutazama bahari. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na makumbi yake hayakuwa yamefunikwa.

"Yatachukuliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, dada yangu." Akainuka, akapandisha kanga, akaingia. Wengine wakamfuata, kila mmoja kwenye shimo lake.

Mama mkubwa aliwatazama mpaka maji yakawafika mapajani. Njiani kurudi, juu ya kiti, alisema jambo moja tu. "Niliwafundisha vizuri."

Siku ya kuondoka kwangu alikuwa barazani na ule uzi niliofukua mimi. Ulikuwa ukikatika, kwa hiyo aliusokota mnene, maradufu, akauviringisha juu ya paja la mguu uliobaki. Akanipa kipande kwa ajili ya begi. Ile ya zamani aliitia jikoni kama kawaida yake. Sikuweza kukataa.

Sasa niko Tanga tena. Kamba mpya nimeitundika nje ya dirisha, kwenye msumari, na begi nimelifunga kwa waya. Mvua zilipoanza, niliiona imeota manyoya meupe. Bado ninampigia simu mama mkubwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa namuuliza habari za kiganja cha jirani.

"Kimepona," anasema. "Hakimuumi hata kidogo."